Homa ya Uti wa Mgongo kwa Watoto wa Meru na Embu: Virusi Vienezwavyo na Mbu na Jina Linalovificha

Utangulizi

Mtoto anapofikishwa hospitalini Embu au Meru akiwa na homa kali, maumivu ya kichwa, kutapika na shingo iliyokakamaa, mzazi wake huambiwa kwamba huenda mwanawe ana homa ya uti wa mgongo. Jina hili limezoeleka mno katika Kiswahili hata si wengi wanaosita kuuliza lina maana gani. Kwa mzazi, hilo ni jina la ugonjwa mmoja, unaoua haraka na unaotibiwa kwa sindano nyingi. Kwa tabibu, ni jina la hali ambayo huweza kuletwa na visababishi vingi vilivyo mbalimbali: bakteria, virusi, kuvu na hata kifua kikuu. Baina ya fahamu hizo mbili kuna pengo, na ni katika pengo hilo ambapo mzazi huamua kama atakubali uchunguzi au ataukataa, na kama atasubiri hadi asubuhi au atatafuta gari usiku.

Makala haya yanakusudia kufafanua kundi moja la visababishi ambalo jina hilo hulificha zaidi ya mengine, yaani virusi vienezwavyo na mbu. Aidha, yanaonyesha namna istilahi za Kiswahili zinavyomsaidia au kumpotosha mzazi wa Mbeere, Tharaka au Igembe. Msomaji wa isimu asidhani kwamba uwanja huu ni wa matabibu peke yao. Tabibu hutibu mwili wa mtoto, lakini neno ndilo linalomleta mtoto huyo hospitalini.

Jina na kinachotajwa

Ubongo na neva kuu ishukayo mgongoni vimefunikwa kwa tando tatu. Kati ya tando za ndani hupita ugiligili mwangavu kama maji ya kisima, unaoukinga ubongo dhidi ya mitikisiko. Vijidudu vikipenya na kuingia humo, tando hizo huvimba, huwa nyekundu na kuuma. Hali ambayo wanabiolojia wanaoandika kwa Kiswahili wameiita mchochota. Kwa hiyo kinachoelezwa hapa, kwa usahihi, ni mchochota wa tando za ubongo.

Sasa tuliangalie jina lililopo. Katika matumizi ya kawaida, uti wa mgongo ni mfupa: ni ile safu ya pingili ambayo mkulima huishika akisema amechoka baada ya kuinama shambani. Mzazi anaposikia "homa ya uti wa mgongo" huutazama mgongo wa mwanawe. Asipoona uvimbe, na mtoto asipolalamikia mgongo, hana sababu ya kuhofia. Ilhali dalili zenyewe ziko kichwani na shingoni: kichwa kuuma, macho kuchukia mwanga, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, na kwa mtoto mchanga, utosi uliotuna. Neno la kwanza la jina hilo nalo lina walakini wake. Mtoto wa wiki chache anaweza kupata maradhi haya bila homa yoyote. Pengine mwili wake huwa baridi, akakataa kunyonya na kulia kilio chembamba kisichonyamazishwa. Jina lenye maneno mawili makuu, basi, humpotosha mzazi katika yote mawili.

Hili halina maana kwamba jina hilo lifutwe. Lugha haiendeshwi kwa amri, na jina lililokita mizizi katika vinywa vya watu halifutiki kwa kikao cha kamati. Kinachohitajika ni kulifafanua kila linapotumiwa, jambo ambalo matangazo mengi ya afya hayafanyi.

Kuna tofauti ya pili ambayo Kiswahili cha kila siku hakiitaji. Mchochota unaweza kubaki kwenye tando, au ukaingia ndani ya ubongo wenyewe. Ukibaki kwenye tando, na kisababishi kikiwa virusi, watoto wengi hupona kwa siku kadhaa wakipewa maji, chakula na dawa ya kutuliza homa na maumivu. Ukiingia ubongoni, mtoto hupatwa na degedege, hupoteza fahamu, na akipona huenda akabaki na kifafa, ulemavu wa viungo au ugumu wa kujifunza. Virusi vienezwavyo na mbu mara nyingi haviheshimu mpaka huo; hushika tando na ubongo kwa pamoja. Hata hivyo, hali hizi mbili zote huitwa kwa Kiswahili jina lile lile moja.

Wadudu wabebao wadudu

Mwanafunzi wa semantiki atapendezwa na neno mdudu. Katika Kiswahili, mdudu ni nzi, ni mbu, ni siafu. Lakini pia ni kile kijidudu kisichoonekana kinachosababisha maradhi. Mgonjwa aliyepimwa damu husema "nimekutwa na wadudu wa malaria". Kupe naye, ambaye kwa hesabu ya wanabiolojia si mdudu kamili kwa kuwa ana miguu minane, kwa Mswahili ni mdudu tu. Matokeo ni kwamba sentensi "ugonjwa huu unaenezwa na wadudu" ina maana mbili, na msikilizaji huenda akachagua isiyokusudiwa. Mzazi akisikia kuwa ugonjwa una wadudu, anatarajia dawa ya kuua wadudu.

Hapo ndipo neno virusi linapopata umuhimu wake. Virusi si bakteria, na viuavijasumu, yaani dawa kama seftriaksoni zinazookoa maisha ya mtoto mwenye bakteria kwenye tando za ubongo, haviviui virusi. Virusi haviwezi kuzaana peke yake. Sharti viingie ndani ya seli ya kiumbe hai na kuitumia kama kiwanda. Vile vienezwavyo na mbu huzaana pia ndani ya mbu mwenyewe. Mbu jike humfyonza ndege, ng'ombe, tumbili au mtu aliye na virusi damuni. Virusi hivyo huzaana tumboni mwake kwa siku kadhaa, husafiri hadi kwenye tezi za mate, na mbu huyo anapomuuma mtu mwingine humtemea mate yenye virusi. Ni kosa, basi, kumfikiria mbu kama sindano chafu inayohamisha damu kutoka kwa mtu hadi mtu. Mbu ni makao ya virusi, na ni makao yao hadi afe.

Baada ya kuumwa, virusi huzunguka damuni kwa muda wa siku chache, na kwa watu wengi mwili huvishinda vikiwa hapo hapo. Kwa wachache, hasa watoto wadogo na wazee, virusi huvuka kizuizi kinachotenganisha damu na ubongo, vikaingia katika ugiligili. Uwiano huu ni muhimu kuukumbuka. Kwa mfano, virusi vya Nile Magharibi huwaambukiza watu 10 na wanane miongoni mwao hawasikii chochote. Takriban mmoja tu kati ya 150 ndiye anayepatwa na maradhi ya ubongo au tando zake. Isitoshe, kwa virusi hivi, mtoto anapopatwa na madhara hayo huelekea zaidi kupata mchochota wa tando, ilhali mzee huelekea kupata mchochota wa ubongo wenyewe.

Majina yaliyozaliwa Afrika Mashariki

Orodha ya virusi hivi duniani inasomeka kama ramani ya Afrika Mashariki. Virusi vya Nile Magharibi vilipatikana mwaka wa 1937 katika damu ya mwanamke wa wilaya ya West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, vikaja kujulikana ulimwengu mzima vilipozuka New York mwaka wa 1999. Virusi vya Zika vimepewa jina la msitu ulio karibu na Entebbe, vilikogunduliwa mwaka wa 1947. Homa ya Bonde la Ufa ilielezwa kitaalamu mwaka wa 1931 na Daubney, Hudson na Garnham, baada ya vifo vya wanakondoo na kondoo karibu na Ziwa Naivasha.

Yanayowavutia zaidi wanafunzi wa lugha ni majina matatu yaliyotolewa na wagonjwa wenyewe. Chikungunya ni neno la Kimakonde, lenye maana ya kupinda au kujikunja, kwa kuwa maumivu ya viungo humfanya mgonjwa atembee ameinama. Mlipuko wake ulielezwa baada ya kuzuka katika uwanda wa Makonde, wilayani Newala, miaka ya 1952 na 1953. O'nyong'nyong ni neno la Kiacholi lihusulo kudhoofika kwa viungo. Ugonjwa huo ulianza kaskazini mwa Uganda mwaka wa 1959, ukapita Kenya na Tanzania, na ukawapata watu zaidi ya milioni mbili. La tatu ni la Kiswahili. Daktari James Christie, aliyehudumu Unguja, aliandika mwaka wa 1872 juu ya homa iliyoenea kisiwani humo mwaka wa 1870, ambayo wenyeji waliiita kidinga pepo, na ambayo wazee walikumbuka kuwa ilikwisha kupita mwaka wa 1823. Wako wataalamu wanaoamini kuwa neno dengue, litumikalo leo duniani kote, lina asili katika jina hilo. Wako pia wanaoshikilia, kwa kuzingatia maelezo ya maumivu ya viungo, kwamba homa aliyoieleza Christie ilikuwa hasa chikungunya. Ikiwa hao wana haki, basi jina la Kiswahili liliuhama ugonjwa wake na kwenda kukaa kwa mwingine, na Kiswahili kikabaki na kidingapopo kikiwa na pepo aliyegeuka popo.

Majina haya matatu yana fadhila moja: yanaeleza kile mgonjwa anachokihisi. Yana upungufu mmoja pia. Yote yanataja viungo, misuli na pepo, wala hakuna hata moja linalodokeza kwamba ugonjwa huo unaweza kufika ubongoni mwa mtoto. Kwa muda mrefu hata matabibu walifikiri hivyo. Chikungunya ilihesabiwa kuwa homa ya maumivu tu, hadi mlipuko ulioanzia Lamu mwaka wa 2004 na kuvuka Bahari ya Hindi hadi kisiwa cha Réunion, ambako watoto wachanga walionekana kupata mchochota wa ubongo. Mwaka wa 2022, watafiti wa Kilifi walichapisha matokeo ya vipimo vya watoto waliolazwa huko kati ya 2014 na 2018 wakiwa na dalili za maradhi ya mfumo wa neva. Chikungunya ilipatikana miongoni mwao, hata katika vipindi ambavyo hakukuwa na mlipuko uliotangazwa. Funzo la Kilifi ni kwamba aliyetafuta ndiye aliyepata.

Miteremko, nyanda na migomba

Je, Meru na Embu zinaingiaje katika habari hii? Kaunti hizi mbili, pamoja na Tharaka Nithi iliyo katikati yake, zimelala upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Mtu akishuka kutoka mashamba ya chai ya Manyatta, akapita kahawa ya Runyenjes, hadi Siakago na Ishiara, amebadilisha hali ya hewa mara tatu kabla ya saa sita mchana. Meru nayo huanza kwa baridi ya Timau, ikapanda milima ya Nyambene yenye miraa, kisha ikaporomoka hadi kwenye joto la Mbuga ya Wanyama ya Meru na mipaka ya Isiolo. Juu malaria ni haba. Chini ni ya msimu. Kwa hiyo mtoto wa nyanda za chini akipata homa, jina la kwanza linalomjia kila mtu, kuanzia nyanya yake hadi mwenye duka la dawa, ni malaria.

Mbu wa aina tatu wanahusika hapa, na kila aina ina tabia yake. Anofelesi, mwenye kuleta malaria, huuma usiku. Yeye pia ndiye mwenezaji wa o'nyong'nyong, jambo lisilo la kawaida kwa virusi vya jamii hii. Kuleksi, anayependa maji machafu ya mitaro na mashimo ya vyoo, naye huuma usiku, na ndiye mwenezaji mkuu wa virusi vya Nile Magharibi. Aedesi huuma mchana, hasa asubuhi na kuelekea magharibi, wakati ambapo mtoto yuko uani, shuleni au malishoni na chandarua kimekunjwa. Chandarua, ambacho kimeokoa watoto wengi mno dhidi ya malaria, hakimkingi mtoto dhidi ya Aedesi isipokuwa yule mchanga alalaye mchana.

Aedesi hahitaji bwawa. Katika nyanda za Mbeere na Tharaka, ambako maji ni ya kutafutwa, kila boma huhifadhi maji katika mapipa, mitungi na matangi. Chombo kisichofunikwa kwa wiki moja au mbili hutosha kuleta kizazi kipya. Huko juu, katika mashamba ya Imenti yanayosifika kwa ndizi, kuna aina ya Aedesi ambayo haishughuliki na mapipa: hutaga mayai katika vijibwawa vya maji ya mvua vinavyokusanyika kwenye makwapa ya majani ya migomba na nduma. Ni mbu wa kundi hilo la migombani waliotambuliwa Bwamba, magharibi mwa Uganda, katika miaka ya 1940, kuwa ndio wanaoitoa homa ya manjano kwa nyani na tumbili na kuileta kwa watu wa mashambani. Hakuna atakayemshauri mkulima wa Meru ang'oe migomba yake. Lakini inafaa ijulikane kwamba ushauri wa "fyeka nyasi na ufukie madimbwi", uliotungwa kwa ajili ya malaria, haumgusi mbu huyu hata kidogo.

Halafu kuna mifugo. Mayai ya Aedesi wa nyanda kame huweza kukaa katika udongo mkavu wa mabonde kwa miaka, yakiwa na virusi vya homa ya Bonde la Ufa ndani yake, yakingoja mafuriko. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliyaamsha, na kaskazini-mashariki mwa Kenya kukawa na mlipuko mkubwa kupita wote uliowahi kuonekana eneo hili. Mvua za mwishoni mwa 2006 ziliyaamsha tena, na hadi mwaka wa 2007 ulipotulia, watu zaidi ya 150 walikuwa wamefariki nchini. Wengi wa walioambukizwa hupata homa ya kawaida. Chini ya mmoja katika kila 100 hupata mchochota wa ubongo na tando zake, ambao huanza wiki moja hadi nne baada ya homa ya kwanza, wakati familia imekwisha kusahau kwamba mtoto aliumwa. Virusi hivi haviletwi na mbu tu. Mtoto anayemsaidia baba kuzalisha mbuzi aliyeharibu mimba, au anayekunywa maziwa mabichi, yumo hatarini pia. Kwa kuwa ng'ombe na mbuzi wa Isiolo huteremshwa na kupandishwa hadi masoko ya Meru kila wiki, mpaka wa kaunti si kizuizi.

Isiolo hiyo hiyo, mwezi wa Machi mwaka wa 2022, ndiyo Wizara ya Afya ilikotangaza mlipuko wa homa ya manjano, wa kwanza nchini tangu ule wa Bonde la Kerio wa 1992 na 1993. Homa ya manjano hushambulia ini zaidi ya ubongo, na haiingii moja kwa moja katika mada hii. Inatajwa kwa sababu moja: ilidokeza kwamba mzunguko wa virusi baina ya tumbili, mbu na mtu unaendelea katika kaunti inayopakana na Meru, na kwamba uliendelea kimya kwa miongo mitatu.

Ieleweke vyema kwamba si kila mchochota wa tando uletwao na virusi hutokana na mbu. Duniani kote, virusi vinavyoongoza kwa watoto ni vile vya jamii ya virusi vya polio, vienezwavyo kwa mikono na maji machafu. Matumbwitumbwi nayo imo. Virusi vya mbu ni sehemu tu ya hesabu; ukubwa wa sehemu hiyo hutegemea mvua, mifugo na mwaka wenyewe.

Sindano ya mgongoni

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka minne kutoka nyanda za Mbeere. Ameumwa siku tatu; siku ya kwanza alipewa parasetamoli, ya pili dawa ya malaria kutoka dukani, ya tatu akapata degedege. Anafika hospitalini jioni. Damu inapimwa na vimelea vya malaria havionekani, au vinaonekana vichache. Hata vikionekana, tabibu mwangalifu haishii hapo, kwani mtoto mwenye vimelea damuni aweza kuwa pia na mchochota wa tando, na dalili za malaria ya ubongo hufanana mno na zake. Njia ya kujua ni moja: kutoa matone machache ya ugiligili kutoka sehemu ya chini ya mgongo.

Muuguzi humwambia mama kwa upole: "Mama, tunataka kutoa maji kidogo mgongoni mwa mtoto tukayapime." Na mara nyingi mama hukataa, au huomba kwanza apige simu nyumbani baba mtoto na bibi waulizwe. Ameshasikia kwamba sindano ya mgongoni hulemaza, kwamba mtoto wa jirani alichomwa akafa usiku ule ule. Hofu hiyo ina mantiki yake na haifai kubezwa. Kipimo hiki hufanyiwa watoto walio mahututi; baadhi yao hufa kwa ugonjwa, na kinachokumbukwa ni jambo la mwisho lililotendwa kabla ya kifo. Jina la ugonjwa nalo huitia hofu hiyo nguvu: ikiwa mtoto ana ugonjwa wa uti wa mgongo, kwa nini uti huo huo uchomwe?

Kinachoweza kuelezwa kwa Kiswahili rahisi ni hiki. Neva kuu ya mgongoni haifiki hadi chini. Huishia juu ya mahali sindano inapoingizwa, na panapobaki ni maji na nyuzi laini zinazosogea pembeni. Kiasi kinachotolewa ni matone ambayo mwili huyarudisha kwa muda wa saa chache. Endapo tabibu anaona dalili kwamba shinikizo ndani ya kichwa limepanda sana, yeye mwenyewe huahirisha kipimo na kuanza dawa kwanza. Na faida yake ni kubwa: ugiligili wenye bakteria kwa kawaida huwa umechafuka kama maji yaliyooshea mchele, umejaa chembe nyeupe za damu za aina fulani, na sukari yake imeshuka kwa kuwa imetumiwa. Wenye virusi mara nyingi huwa mwangavu, chembe zake ni za aina nyingine, na sukari haijashuka. Darubini na vipimo vya kawaida vya maabara vinatosha kuonyesha tofauti hiyo usiku huo huo.

Bila kipimo hicho, tabibu hana budi kumtibu mtoto kana kwamba ana bakteria, na anafanya vyema, kwa kuwa bakteria huua au huacha uziwi ndani ya siku chache. Lakini familia hulipa gharama ya siku nyingi wodini kwa ugonjwa ambao pengine dawa hizo hazikuugusa, na hospitali nayo hukosa kujua nini kimeingia wilayani.

Jambo hili lina uzito zaidi leo kuliko miaka ya 1990. Mwaka wa 2001 Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya bakteria aitwaye Hemofilasi wa aina ya b, aliyekuwa miongoni mwa visababishi vikuu vya mchochota wa tando kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Katika muda wa miaka michache maradhi yake yalipungua mno huko Kilifi, yalikofuatiliwa kwa karibu. Mwaka wa 2011 ikaongezwa chanjo dhidi ya nimokoka. Bakteria wanapopungua, sehemu iliyobaki ya wagonjwa huwa na virusi wengi zaidi kwa uwiano, ijapokuwa idadi ya virusi yenyewe haijaongezeka. Hospitali iliyozoea kuona jambo moja nyuma ya jina hilo sasa inaona jambo jingine, na jina limebaki vile vile.

Kitabu cha wodi

Kutambua kwamba kisababishi ni virusi ni hatua ya kwanza. Kujua ni virusi gani ni hatua ngumu zaidi. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutafuta chembe za urithi za virusi katika damu au ugiligili, nayo huhitaji mitambo na utaalamu ambao kwa kawaida hupatikana katika maabara kuu, kama zile za Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya. Virusi vingi vya mbu hukaa damuni kwa takriban siku tano tu tangu homa ianze. Mtoto aliyefika siku ya sita huenda akawa amechelewa kwa kipimo hiki, ingawa hajachelewa kwa matibabu. Sampuli nayo lazima isafirishwe katika baridi, kutoka Embu au Meru hadi Nairobi, na barabara ni nzuri kuliko majokofu.

Njia ya pili ni kupima kingamwili, yaani zile protini ambazo mwili huzitengeneza dhidi ya virusi mahususi. Hizi hukaa muda mrefu, lakini zina utata wake. Virusi vya jamii moja hufanana, hivyo kingamwili za dengue huweza kuonekana kama za Nile Magharibi, na za chikungunya kama za o'nyong'nyong. Ili matokeo yaaminike, damu hutolewa mara mbili: mara ya kwanza mtoto akiwa mgonjwa, na mara ya pili baada ya wiki mbili au tatu, ili ionekane kama kingamwili zimepanda.

Mara ya pili ndiyo adimu. Baada ya wiki tatu, mtoto aliyepona anachunga mbuzi na mama yuko shambani kabla mvua za Oktoba hazijamtangulia. Nauli ya kwenda Embu na kurudi ni fedha ya chumvi na sabuni, na kumpandisha matatu mtoto mzima ili akachomwe sindano ni jambo lisiloeleweka kwa urahisi, hasa ikiwa siku ya kuruhusiwa aliambiwa tu kuwa amepona homa ya uti wa mgongo. Mwenye kuambiwa kwamba ugonjwa wenyewe haujajulikana, kwamba yawezekana uliletwa na mbu wa mapipa yake au mbuzi wa zizi lake, na kwamba mdogo wake mtoto huyo anaweza kuupata msimu ujao, ana sababu ya kurudi. Asiyeambiwa hivyo hana. Sampuli ya kwanza hubaki kwenye jokofu bila mwenzake, na katika kitabu cha wodi, kwenye safu ya ugonjwa, huandikwa jina lile lile lililoandikwa juu yake na chini yake.